Je, Yafaa Mfuko wa Karo Kununua Hisa za Silaha?



Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili ili niijibu barua iliyochapwa katika toleo la muhula uliopita. Barua hiyo iliandikwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani wa shule hii, ambaye sasa anafanya kazi Ulaya. Sitalitaja jina lake, kwa kuwa sina ugomvi naye. Nina neno tu juu ya shauri alilolitoa. Yeye ni mkubwa wangu, tena ameisaidia shule hii mara nyingi. Shauri lake kwa ufupi ni hili: kwamba akiba ya Mfuko wa Karo, ambayo mpaka sasa imekaa benki na kuzaa faida ndogo, itolewe ikanunue hisa za kampuni za Ulaya zinazotengeneza silaha, kwa sababu hisa hizo zimepanda bei mno. Mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani utalijadili jambo hilo, na nasikia wakubwa wengi wamelipenda.

Kabla sijaendelea sharti niseme jambo moja waziwazi, ili msomaji asije akalisikia baadaye kwa mtu mwingine na kudhani kwamba nilimficha. Mimi mwenyewe nalipiwa karo na Mfuko huo. Baba yangu alifariki nilipokuwa kidato cha pili, na mama yangu huuza ndizi na nyanya sokoni. Bila Mfuko, nisingekuwa na kalamu hii mkononi. Mdogo wangu yumo kidato cha kwanza, na jina lake limo katika orodha ya wale wanaongoja kusaidiwa. Basi Mfuko ukinenepa, nyumba yetu itakuwa miongoni mwa zile za kwanza kushiba. Hata hivyo nasema shauri hili lisikubaliwe, nami nitaeleza kwa nini.

Kwanza yafaa tumtendee haki mwandishi wa barua ile, maana hakusema upuuzi. Mwezi wa Februari 2022 Urusi iliingiza majeshi yake Ukraine kwa vita vikubwa. Nchi za Ulaya zikajitazama na kuona kwamba ghala zao zi tupu, na kwamba kwa miaka mingi zimemtegemea Mmarekani awalinde. Mwaka uo huo Ujerumani ilitenga euro bilioni 100 kwa ajili ya jeshi lake. Mwezi wa Machi 2025 Marekani ilisimamisha kwa siku chache misaada yake ya kijeshi kwa Ukraine, na Ulaya yote ikashtuka. Mwezi huo huo wakuu wa Umoja wa Ulaya walitangaza mpango wa kutafuta hadi euro bilioni 800 za kujizatiti, nayo Ujerumani ikabadili katiba yake ili iweze kukopa zaidi kwa ajili ya ulinzi. Kampuni za silaha zikapata kazi nyingi. Hisa moja ya kampuni ya Rheinmetall ya Ujerumani, ambayo mwanzoni mwa mwaka 2022 iliuzwa kwa chini ya euro 100, ilikuwa imepita euro 1,000 ilipofika Machi 2025. Mtu aliyeweka humo shilingi milioni moja aliona zimekuwa milioni kumi katika miaka mitatu. Ni nani asiyetamani?

Tena mwandishi alisema kwamba kujilinda si dhambi, na kwamba anayemsaidia mwenzake kujilinda hatendi dhambi. Katika hilo mimi nakubaliana naye kabisa. Wako wenzangu hapa shuleni ambao, tulipojadiliana bwenini, walisema kwamba Mkristo hapaswi kugusa silaha yoyote, na kwamba viwanda vyote vya bunduki vifungwe. Nawaheshimu, lakini siwezi kwenda pamoja nao. Usiku wa tarehe 16 Juni, 2023, watu wenye silaha waliosemwa kuwa ni wa kundi la ADF waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, wilaya ya Kasese, karibu kabisa na mpaka wa Kongo. Wakachoma moto bweni la wavulana na kuwakatakata wasichana kwa mapanga. Watu zaidi ya 40 walikufa, na wengi wao walikuwa wanafunzi kama sisi. Mtu akisoma habari hiyo kisha akalala katika bweni lenye vitanda vya chuma na madirisha yenye nondo, hawezi kusema kwamba taifa halihitaji askari mwenye bunduki. Swali la wazazi wa Mpondwe lilikuwa kwamba askari walikuwa wapi.

Wala si askari tu. Historia ya nchi yetu yaonyesha kwamba anayeazima ulinzi huazima na bwana. Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba, 1962. Mwezi wa Januari 1964, miezi kumi na mitano tu baadaye, askari wa Jinja waliasi kwa ajili ya mishahara, kama walivyoasi wenzao wa Tanganyika na Kenya juma lile lile, na serikali zote tatu zikalazimika kuwaita askari wa Kiingereza warudi kutuliza. Bendera ilikuwa yetu, lakini ulinzi ulikuwa bado wao. Halafu Waisraeli wakawafundisha askari wetu na marubani wetu, mpaka Idi Amin alipowafukuza mwaka 1972 na kugeukia Walibya na Warusi. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai, 1976, Waisraeli wakaja Entebbe kuwaokoa mateka wao, na kabla ya kuondoka wakaziharibu ndege za vita za Kirusi zilizokuwa zimeegeshwa pale uwanjani. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Taifa lisiloweza kujitengenezea hata risasi laweza kushikwa koo na yule anayeliuzia.

Kwa hiyo sishangai kwamba nchi za Afrika ya Mashariki zimejaribu kujitegemea. Tanzania ina Shirika la Mzinga huko Morogoro tangu miaka ya 1970. Kenya ina kiwanda cha risasi Eldoret, na mwezi wa Aprili 2021 ilifungua Ruiru kiwanda cha bunduki kilichogharimu karibu shilingi bilioni 4 za Kenya, chenye uwezo wa kutengeneza bunduki 12,000 kwa mwaka. Sisi tunacho kiwanda cha Luwero Industries huko Nakasongola, kinachotengeneza risasi, nacho ki chini ya shirika la jeshi lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1989. Mambo hayo siyalaumu. Ulaya ikiamua kujilinda kwa jasho lake yenyewe, hiyo pia siilaumu.

Basi, mtu atauliza, kama wakubali kwamba silaha ni lazima, na kwamba lazima mtu azitengeneze, mbona wakataa hisa zake? Hapo ndipo ilipo njia panda, nami naomba msomaji asimame nami kidogo.

Tazameni mlinzi wetu wa langoni. Kila usiku twamwona amevaa koti lake kubwa, na tochi yake na rungu lake. Shule humlipa mshahara kila mwezi. Wakija wezi hulipwa. Wasipokuja hulipwa vile vile. Kwa hiyo furaha yake ni usiku wa kimya, na sisi tunalala tukijua kwamba tunachokitaka sisi ndicho anachokitaka yeye. Sasa tuseme kwamba shule imebadili mpango, na kuanzia leo italipa kwa kila mwizi anayekuja. Mzee yule ni mwema, lakini kila mwanadamu ana tumbo. Baada ya miezi michache yenye ukimya nyumbani kwake hakuna posho. Je, atauombea nini usiku? Na je, siku moja hatalisahau lango wazi?

Hiyo ndiyo tofauti kati ya kugharamia silaha na kuvuna kwa silaha. Mwananchi alipaye kodi ya ulinzi hutoa kitu mfukoni mwake, na vita vikiisha hupata nafuu. Kwake silaha ni mzigo anaoubeba kwa sababu hana budi. Mwenye hisa za silaha mambo yake ni kinyume. Vita vikirefuka, hisa yake hupanda. Amani ikija, hushuka. Mambo haya si ya kubuni. Katika mwaka 2025 mara kadhaa zilisikika habari kwamba huenda Urusi na Ukraine zitapatana, na siku hizo hizo bei ya hisa za kampuni za silaha za Ulaya ikateremka. Fikirini kamati ya Mfuko wetu, wazee wa kanisa na walimu wastaafu, wamekaa asubuhi wakisoma gazeti, na kumeandikwa kwamba vita karibu vitakwisha. Nao wanatazamana kwa huzuni, kwa kuwa karo ya wavulana wawili imepotea. Mimi sitaki kuwa mvulana ambaye karo yake imewafanya watu wema wahuzunike kwa habari ya amani.

Sisi tunaosomea shule ya misheni tunaikumbuka habari ya Nehemia alipoujenga upya ukuta wa Yerusalemu. Maadui walipotishia, wajenzi walifanya kazi kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili wakashika silaha. Habari hiyo hupendwa sana na wale wanaotetea silaha, na wana haki. Lakini wengi huishia hapo. Wangeendelea kusoma, wangekuta kwamba katika siku hizo hizo za ujenzi, maskini walimlilia Nehemia kwamba matajiri wa mji wanawakopesha kwa riba na kuwanyang'anya mashamba na hata watoto wao. Nehemia akakasirika, akawaita matajiri mbele ya mkutano, akawaamuru warudishe. Na yeye mwenyewe hakuichukua posho ya liwali, maana mzigo ulikuwa umewalemea watu. Kwa hiyo mtu yule yule aliyewapa watu silaha ndiye aliyewakataza wengine kujitajirisha wakati wa hatari. Aliona mambo hayo mawili yanakwenda pamoja, nami naona vivyo hivyo.

Sasa nitajibu hoja tatu ambazo nimezisikia.

Hoja ya kwanza ni kwamba watu wote wakikataa kuweka fedha katika viwanda vya silaha, viwanda havitajengwa, na wanyonge watakufa. Wanakumbusha kwamba mwezi wa Machi 2023 Umoja wa Ulaya uliiahidi Ukraine makombora ya mizinga milioni moja katika muda wa mwaka mmoja, na mwaka ulipotimia yalikuwa yamefika karibu nusu tu, kwa kuwa viwanda vilikuwa vichache. Na mabenki na mifuko kadha wa kadha ya Ulaya ilikuwa imejiwekea kanuni ya kutogusa biashara ya silaha. Hoja hii ni nzito, wala siipuuzi. Lakini ziko njia nyingine za kupata fedha hizo. Serikali yaweza kutoza kodi, ambayo kila mtu huilipa kwa kadiri yake. Tena yaweza kukopa kwa raia wake kwa kuwauzia hati za mkopo, kama Lithuania ilivyoanza kufanya mwaka 2024 kwa ajili ya ulinzi wake. Mwenye hati ya namna hiyo hupata faida iliyoandikwa tangu mwanzo. Vita vikiendelea hapati zaidi, na amani ikija hapati pungufu. Yeye ni kama mlinzi wetu wa mshahara. Mtu akitaka kulisaidia taifa lijilinde, na mlango huo u wazi.

Hoja ya pili ni kwamba fedha zetu ni chache mno. Tusiponunua sisi, hisa zile zitanunuliwa na mwingine, na kampuni haitajua hata kwamba tulikuwako. Tena mwalimu wetu wa uchumi alitueleza kwamba mtu anunuapo hisa sokoni, fedha zake humwendea yule aliyemwuzia, na aghalabu haziendi kiwandani. Nakubali. Akiba yetu haitaongeza wala kupunguza risasi hata moja duniani. Lakini hoja hiyo yakata pande zote mbili. Kama fedha zetu hazitasaidia ulinzi wa mtu yeyote, basi tusijifariji kwa kusema kwamba twawasaidia Waukraine. Hapo hubaki sababu moja tu ya kununua, nayo ni faida. Na mtu akisema kwamba mwingine atafanya asipofanya yeye, hiyo si hoja ya hisa peke yake. Ni hoja ya kila mtu aliyewahi kununua mali ya wizi pale sokoni akijua wazi kwamba ni ya wizi.

Hoja ya tatu ni ya mwandishi mwenyewe. Alisema kwamba silaha za Ulaya zinalinda watu huru, si kama zile za wahuni wa msituni, kwa hiyo faida yake ni safi. Ningependa iwe hivyo, lakini bunduki hudumu kuliko nia ya aliyeinunua. Tarehe 24 Mei, 1966, askari wa Serikali chini ya Idi Amin, kwa amri ya Milton Obote, waliishambulia Lubiri ya Kabaka pale Mengo, safari fupi tu kutoka katikati ya jiji. Silaha walizotumia zilinunuliwa ili kuwalinda Waganda na Wanyoro na Walango na makabila yote ya nchi kutokana na adui wa nje. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba, 1996, waasi wa Joseph Kony waliingia shule ya misheni ya wasichana ya Mtakatifu Maria, Aboke, wakachukua wasichana 139. Sista Rachele Fassera aliwafuata msituni bila silaha yoyote, akarudi na 109. Wasichana 30 wakabaki mateka. Bunduki za waasi wale hazikuota msituni kama uyoga. Zilitengenezwa kiwandani na mtu aliyekuwa na mshahara, zikauzwa kwa serikali fulani, na serikali hiyo ikasema kwamba ni za ulinzi.

Hata aina ya silaha hubadilika mtu akiwa na hofu. Uganda ilithibitisha mwaka 1999 mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini, maana twajua yaliyowapata watu wa Acholi na wa Kasese waliokatika miguu wakienda kulima; na mwezi wa Desemba 2012 ilitangazwa kwamba nchi yetu imemaliza kuyaondoa. Lakini mwaka 2025 Estonia, Latvia, Lithuania, Finland na Poland, ambazo zinapakana na Urusi, zilitoa taarifa za kujitoa katika mkataba huo huo. Sizihukumu, kwa sababu silali karibu na mpaka wao. Nasema tu kwamba mwenye hisa hanunui silaha anayoichagua. Hununua kampuni, na kampuni itatengeneza kesho kile kitakachoagizwa kesho.

Mtu mmoja aliyelijua jambo hili kuliko sisi sote alikuwa Mikhail Kalashnikov, Mrusi aliyeibuni bunduki ile ambayo kila mtoto wa Uganda huijua kwa umbo lake. Aliibuni ili kuilinda nchi yake iliyokuwa imevamiwa na Wajerumani. Hata hivyo alipokuwa mzee sana, kabla ya kufa kwake mwezi wa Desemba 2013, alimwandikia mkuu wa Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi akiuliza kama yeye ana hatia kwa ajili ya watu waliouawa kwa bunduki yake. Kanisa lilimjibu kwa faraja, kwamba silaha inayoilinda nchi haina lawama. Labda hivyo ndivyo ilivyo. Lakini mzee yule, aliyekuwa na sababu nzuri kuliko yetu, aliumia rohoni. Sisi ambao hatukuvamiwa na mtu, na ambao twatafuta faida tu, tutalalaje?

Neno moja zaidi, maana nisije nikaonekana nawahubiria Wazungu na kuwasahau watu wa nyumbani. Nimesema kwamba kugharamia ulinzi kwa kodi ni halali. Lakini ni halali kama hesabu zi wazi. Miaka ya 1990 Serikali yetu ilinunua helikopta nne za vita kuukuu kwa zaidi ya dola milioni 12, na zile mbili zilizoletwa kwanza zilionekana hazifai kurushwa. Ikabidi iundwe tume ya Jaji Julia Sebutinde kuchunguza. Mwaka 2011 zilitolewa fedha za akiba ya taifa, dola zipatazo milioni 740, kwa ajili ya ndege sita za vita za Kirusi na zana zake, kabla Bunge halijaidhinisha. Idhini ikaja nyuma. Kujitegemea ambako wananchi hawaruhusiwi kukuuliza si kujitegemea, ni kumtegemea yule anayeshika ufunguo wa ghala. Wengi hapa Kampala bado wanakiogopa hata Kiswahili, lugha hii ninayoiandika, kwa sababu wazee wao walikisikia kwanza kwa askari kwenye vizuizi vya barabarani, bunduki imewaelekea. Ikiwa lugha tu yaweza kuchukua harufu ya baruti kwa miaka hamsini, sembuse fedha?

Basi nawaomba wanafunzi wa zamani watakaokutana wayafikirie mambo matatu. La kwanza, Mfuko wa Karo usinunue hisa za kampuni yoyote ya silaha, iwe ya Ulaya, ya Marekani au ya kwetu. La pili, ikiwa akiba ya benki yazaa kidogo mno, kama ilivyo kweli, basi inunue hati za mkopo za Serikali zinazouzwa na Benki Kuu ya Uganda. Faida yake ni kubwa kuliko ya akaunti ya kawaida, na fedha zake hutumika kwa barabara na hospitali pamoja na jeshi, kama taifa lenyewe litakavyoamua mbele ya Bunge. La tatu, kaka yetu wa Ulaya asifukuzwe wala asidharauliwe. Mali yake ni yake, na dhamiri yake ni yake. Akitaka kuleta zawadi kutoka katika mshahara wake, tutaipokea kwa mikono miwili. Naomba tu asiulete Mfuko wenyewe katika biashara ile.

Makuhani walioletewa vile vipande thelathini vya fedha na Yuda hawakuwa watu wema. Wao wenyewe ndio waliovitoa. Lakini hata wao waliona kwamba haifai kuvitia katika sanduku la hazina, wakanunua navyo shamba la kuzikia wageni. Ikiwa watu wale walijua kwamba kuna fedha ambazo haziingii katika sanduku, sisi pia twaweza kujua.

Najua maana ya maneno haya kwangu. Huenda mwakani Mfuko ukawa mdogo, na mdogo wangu akaendelea kungoja. Nimemwambia mama niliyoyaandika, maana sikutaka ayasikie kwa jirani. Alinyamaza muda mrefu akipanga nyanya zake, kisha akasema kwamba yeye aliuza nyanya kabla ya Mfuko, na ataendelea kuziuza. Sikuona haja ya kuongeza neno.

Kama nimekosea, naomba wakubwa wangu wanisahihishe katika toleo lijalo, nami nitasoma kwa moyo mweupe.

Ni mimi, mwanafunzi wa kidato cha sita.